Programu Isipoitika, Usikimbilie Kuiua

Jumapili hii naomba tuondoke jijini kidogo, nikupeleke hadi Osiri, kule machimboni Nyatike katika kaunti ya Migori, ambako watu huamkia sururu na kulalia matumaini ya dhahabu. Nilikuwa nimekwenda huko kuandika habari za dhahabu hiyo. Habari zenyewe zingali daftarini. Nilizorudi nazo kwanza ni za kompyuta, na naamini zitamfaa kila mzazi aliyewanunulia watoto laptopu ya mitumba, na kila mwanafunzi ambaye mashine yake humwambia mara kumi kwa siku kwamba programu fulani haijibu.

Ilikuwa yapata saa kumi na moja jioni. Nilitaka kutuma picha ofisini, nikaelekezwa kwenye saiba moja iliyo ndani ya kibanda cha mabati. Humo mlikuwa na kompyuta nne, mashine ya kunakili karatasi, na kijana mmoja mchangamfu anayefanya kila kitu peke yake: anachapisha barua, anapiga picha za pasipoti, anawajazia watu fomu za serikali, na Jumamosi hubeba kamera kwenda kurekodi mazishi na harusi hadi upande wa Homa Bay. Kwenye kompyuta ya pembeni aliketi msichana aliyekuwa akijaza maombi ya mkopo wa chuo kikuu. Nyuma yake alisimama mamake, mikono yake ingali na vumbi la mawe. Siku ya mwisho ya kupeleka maombi ilikuwa ni hiyo hiyo, saa sita za usiku.

Fomu ilibakia ukurasa mmoja. Ghafla dirisha likaganda, na katikati ya skrini kikachomoza kisanduku kikisema kwamba Firefox haijibu. Chini yake palikuwa na vitufe viwili, kimoja kimeandikwa Wait, yaani subiri, na kingine Force Quit, yaani ifunge kwa nguvu.

"Nyathina, umebonyeza nini?" mama akauliza.

"Sijabonyeza kitu, mama. Imekwama yenyewe."

Kijana akaja mbio. "Usijali mama, hii ni kawaida yake," akasema, na kabla sijafumbua mdomo akabonyeza Force Quit. Dirisha likatoweka. Alipoifungua Firefox upya, ukurasa ulirudi, lakini tovuti ilimtaka msichana ajitambulishe tena, na yale yote ambayo hakuwa ameyahifadhi hayakuwapo. Kazi ya karibu saa mbili, pamoja na nambari za stakabadhi alizokuwa akisomewa na mamake kutoka kwenye karatasi zilizokunjwa mara nne.

Mama yule hakupaza sauti. Aliuliza tu, "Sasa tuanzie wapi?"

Mimi si fundi, na naomba jambo hilo lieleweke mapema. Nilicho nacho ni miaka kadhaa ya kutumia Linux kwenye laptopu yangu kuukuu, pamoja na ukaidi. Lakini nilisahau picha zangu, nikavuta kiti.

Hebu tuanze na lile onyo lenyewe, maana wengi hulichukua kuwa ni hukumu ilhali ni taarifa tu. Asubuhi ya siku ile nilikuwa nimemwona mzee mmoja ameketi kwenye mdomo wa shimo, kamba mkononi. Kila baada ya muda aliinama akamwita aliye chini. Akiitikiwa, alitulia. Asipoitikiwa, alinyanyuka na kuita tena. Lakini hakukimbilia kulifukia shimo! Alijua kwamba mtu aweza kukaa kimya kwa sababu nyingi: nyundo inapiga kelele, au amepinda kona ya mwamba na sauti haimfikii. Alijua pia kwamba zipo siku ambazo kimya huwa ni kimya kweli.

Ndani ya Linux mzee huyo yupo. Ni programu inayosimamia madirisha, na katika Ubuntu ya kawaida na nyinginezo zinazotumia mazingira ya GNOME, jina lake ni Mutter. Unapobofya dirisha, Mutter huiita programu yenye dirisha hilo na kungoja iitike. Katika matoleo mengi subira yake ni sekunde 5 tu. Zikipita bila jibu, inakuletea kile kisanduku. Haijui kama programu imekufa au i hai. Inachojua ni kwamba imeita na haikuitikiwa.

Na programu hai yaweza vipi kukosa kuitika? Nyingi kati ya programu za madirisha zina mhudumu mmoja mkuu, mfano wa mama mwenye hoteli ndogo anayepika na kupokea oda peke yake. Akienda kisimani kuteka maji, wateja wataita hadi wachoke. Si kwamba hoteli imefungwa. Mwenyewe amekwenda kisimani, na kwa kompyuta kisima hicho aghalabu ni diski. Programu inataka kusoma au kuandika kitu kwenye diski, diski inakawia, na mpaka itakaporudi hakuna wa kuitikia wito.

Ndiyo maana neno langu la kwanza kwa yule kijana lilikuwa hili: kisanduku kikitokea, bonyeza Wait. Kisha tazama kitaa cha diski kwenye mashine. Kikiwa kinamemeteka, kuna kazi inaendelea. Ipe dakika moja au mbili, na usibofye bofye, kwani kila mbofyo ni oda nyingine inayomngojea mama aliye kisimani.

Utauliza, Linux imefikaje Osiri? Imefika kama ilivyofika kwingi. Kijana alinunua kompyuta zake zikiwa zimeshatumika ng'ambo, zote zikiwa na Windows 10. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kutoa bure, kwa watumiaji walio wengi, marekebisho ya usalama ya Windows 10, nayo Windows 11 inadai mashine mpya kuliko zile. Mwenye saiba anayeshika vitambulisho na nywila za watu hawezi kukaa na mashine isiyolindwa. Linux haina ada. Ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo mwanafunzi wa chuo kikuu kule Helsinki, na tangu siku hizo imejengwa na maelfu ya mikono. Ubuntu yenyewe ilitolewa mara ya kwanza Oktoba 2004 kwa juhudi za Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na jina lake ni ndugu wa neno letu utu. Wasomaji wa rika langu huenda wanazikumbuka zile sidii za bure zilizokuwa zikija kwa posta. Mpango huo ulikoma mwaka 2011. Na mwaka huo huo wa 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishirikiana na wenzao wa Sweden kutoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza Kiswahili. Kwa hiyo asikwambie mtu kwamba haya ni mambo ya Wazungu.

Turudi kibandani. Msichana alianza upya. Mama akavuta debe akaketi. Haikupita robo saa, dirisha likaganda tena. Safari hii nilimshika kijana mkono. "Subiri," nikamwambia. Tukasubiri. Sekunde kama arobaini hivi, kisha likazinduka lenyewe, kila neno likiwa mahali pake. Kijana akanitazama kama mtu aliyemwona maiti akipiga chafya.

Ndipo nilipoona kitu ambacho sikuwa nimekitilia maanani. Mbele ya kompyuta ile palichomekwa flashi, na kitaa chake kilikuwa kikimemeteka bila kupumzika. Nikauliza ni ya nani. Kumbe ni ya mteja aliyekuwa akingoja nje. Kijana alikuwa amemrekodia mazishi ya babake, na video yote, saa nne za picha, ilikuwa kwenye kompyuta hiyo hiyo. Kwa hiyo huku msichana akijaza fomu, nyuma yake mashine ilikuwa ikinakili video kubwa ajabu kwenda kwenye flashi.

"Huwa unanakili mara ngapi kwa siku?" nikamuuliza.

"Ah, mwandishi, hata sihesabu. Hiyo ndiyo inayolipa kodi ya nyumba."

Nikaomba ruhusa nikafungua terminali, lile dirisha jeusi la kuandikia amri. Nataka nikueleze nilichoandika, kwa sababu hapa ndipo siri ilipofichuka. Kwanza niliandika free -h, inayoonyesha hali ya kumbukumbu ya mashine, ile iitwayo RAM. Watu wengi hutazama safu ya free, wakiona nambari ndogo hushtuka. Usiitazame hiyo. Itazame iitwayo available, ndiyo inayokuambia kiasi ambacho programu zaweza kupata bado. Mashine ilikuwa na GB 4, na zaidi ya GB 1 na nusu zilikuwa bado zapatikana. Kumbukumbu haikuwa mkosaji.

Kisha nikaandika vmstat 1, inayotoa mstari mmoja wa takwimu kila sekunde mpaka uikatize kwa Ctrl na C. Humo mna safu mbili ziitwazo si na so. Zikiwa na nambari kubwa mfululizo, mashine imeishiwa na kumbukumbu na inahamisha vitu kwenda na kurudi kwenye diski. Zetu zilikuwa sufuri. Lakini kando yake kuna safu ya wa, nayo huonyesha asilimia ya wakati ambao kichakato, yaani ubongo wa kompyuta, hukaa bure kwa kungoja diski. Hiyo ilikuwa ikipanda hadi 80 na ushei. Ubongo ulikuwa umekunja mikono!

Amri ya tatu ndiyo iliyomfanya kijana aguне kidogo na kusogea karibu: grep Dirty /proc/meminfo. Ikaonyesha zaidi ya MB 400 za data iliyokwisha pokewa kwenye kumbukumbu lakini haijaandikwa popote.

Linux ina ukarimu wake. Ukiiambia inakili faili, haikungojeshi. Inapokea mzigo upesi upesi na kuuweka sebuleni, yaani kwenye kumbukumbu, ikitaraji kuupeleka mahali pake baadaye. Kwa kawaida huruhusu sebule ijae kwa hadi asilimia 20 ya kumbukumbu inayopatikana kabla haijawasimamisha waleta mzigo. Kwa diski ya kasi hilo si neno. Lakini flashi za bei rahisi nyingi ni za pole mno. Chukulia flashi inayoandika MB 4 kwa sekunde: mzigo wa MB 400 utaimaliza dakika moja na sekunde 40. Katika muda huo Firefox nayo inataka kuandika kijifaili chake, kidogo tu, na imeapa kutoendelea mpaka iambiwe kwamba kimeandikwa. Inajikuta kwenye foleni nyuma ya mazishi ya saa nne. Sekunde 5 zinapita. Mutter inaita, hakuna anayeitika. Kisanduku hicho!

Kwa hiyo Firefox haikuwa na kosa. Hata msichana hakuwa na kosa, ingawa mamake alikuwa ameshamshuku.

Dawa yake ni kuipunguzia Linux ukubwa wa sebule. Tuliandika amri mbili, ya kwanza sudo sysctl vm.dirty_background_bytes=16777216, na ya pili sudo sysctl vm.dirty_bytes=50331648. Ya kwanza inasema: mzigo ukifika MB 16, anza kuupeleka. Ya pili inasema: ukifika MB 48, msimamishe anayeuleta mpaka upungue. Kuanzia hapo ile picha ya kunakili haikimbii tena hadi mwisho halafu ikakwama. Inakwenda mdogo mdogo na kusema kweli. Ili mipangilio hiyo idumu hata mashine ikizimwa, iandike mistari hiyo miwili, bila neno sudo wala sysctl, kwenye faili mpya ndani ya /etc/sysctl.d, na jina la faili liishie na .conf. Ukiona haikufai, futa faili hiyo, uwashe mashine upya, yatarudi yale ya zamani.

Tukamrudishia mteja flashi yake ikaendelea kunakili. Msichana akaendelea kuandika. Dirisha lilisita mara moja, kidogo tu, kisha likaendelea. Kisanduku hakikutokea. Mama akauliza kama sasa aweza kupumua.

Hapo kijana akapata hamu, akataka tuzikague zote. Kweli, msomaji, huo ndio uzuri wa jambo hili na pia ubaya wake: onyo ni moja, lakini kila mashine ilikuwa na ugonjwa wake.

Ya pili ilikuwa na GB 2 tu za kumbukumbu, na mteja aliyekuwa akiitumia alifungua kurasa kumi na saba za intaneti kwa wakati mmoja. Huyu hapa si na so zilikuwa zinaruka kama panzi. Ubuntu ya kawaida ya siku hizi inataka kumbukumbu kubwa kuliko hiyo, kwa hiyo mashine ilikuwa imebebeshwa gunia la mtu mwingine. Dawa ya kweli ni kuongeza kumbukumbu, na kwa mashine nyingi za mezani hilo ni kazi ya bisibisi na dakika kumi. Aliye na mfuko mwepesi ana njia nyingine. Aweza kuweka Xubuntu au Lubuntu, ambazo ni Ubuntu ile ile ndani ya vazi jepesi. Aweza pia kuweka kifurushi kiitwacho zram-tools, kinachobana data ndani ya kumbukumbu yenyewe badala ya kuitupa kwenye diski, na kingine kiitwacho earlyoom, ambacho mambo yakikaribia kuharibika huifunga programu yenye ulafi zaidi kabla mashine nzima haijaganda. Hiki cha mwisho nakipenda kwa mashine za nyumbani zenye watoto, lakini kwa saiba nina wasiwasi nacho, kwa kuwa yaweza kuwa programu inayofungwa ndiyo yenye fomu ya mteja.

Ya tatu ilinitia hofu. Ukiinamisha sikio ulisikia tiki, tiki, kisha kimya, kisha tiki. Tuliweka kifurushi cha smartmontools, tukaandika sudo smartctl -a /dev/sda, amri inayoiuliza diski habari za afya yake. Humo kuna mstari uitwao Current_Pending_Sector, unaohesabu sehemu za diski ambazo zimegoma kusomeka. Hesabu njema ni sufuri. Hii haikuwa sufuri. Diski kama hiyo ikifika kwenye sehemu mbovu hujaribu kusoma tena na tena, na muda wote huo programu imeduwaa. Hakuna mpangilio wowote utakaoiponya. Nilimwambia kijana asijaribu kuirekebisha kwa amri yoyote kabla hajahamisha kila kitu cha thamani, kwa sababu kuihangaisha diski inayokufa ni kumkimbiza mgonjwa. Na nini kilikuwa humo? Video za mazishi za miaka miwili. Za watu ambao hawatarekodiwa tena.

Stima nayo ina mkono wake hapa. Umeme ukipotea ghafla diski ikiwa inaandika, faili zaweza kuharibika, na kwa diski kuukuu mishtuko ya namna hiyo haisaidii kitu. Ajabu ni kwamba sehemu hizi zilipata umeme mapema kuliko nyingi: pale Gogo kwenye mto Kuja, ambao wengine huuita Gucha, kuna kituo cha nguvu za maji cha tangu miaka ya 1950, enzi za migodi ya Macalder. Kifaa kidogo chenye betri cha kuishikilia kompyuta dakika chache stima ikipotea si anasa kwa mwenye saiba.

Ya nne haikuwa na shida. Kijana alikuwa ameitoa diski yake ya kuzunguka na kuweka ya SSD, zile zisizo na sahani inayozunguka, kwa sababu ndiyo anayohariria video. Tofauti ni kubwa mno. Diski ya laptopu ya mizunguko 5,400 kwa dakika huzunguka mara 90 kwa sekunde, na kila ikitafuta kitu ni lazima kichwa chake kihame na sahani ifike chini yake. SSD haina cha kuzungusha. Ukiniuliza shilingi zako za kwanza uzipeleke wapi kwenye kompyuta kuukuu, nitakuambia SSD kabla ya kitu kingine chochote, labda kama kumbukumbu yako haifiki GB 4.

Sasa kuna ushauri mmoja ambao utausikia kila uendako, na sikuuanza nao kwa makusudi. Watakuambia: ongeza tu subira ya Mutter. Ni kweli yawezekana. Andika gsettings set org.gnome.mutter check-alive-timeout 30000, na mzee wa kamba atangoja sekunde 30 badala ya 5. Ukiandika 0 hataita tena kamwe. Ukitaka kurudisha hali ya awali, andika gsettings reset org.gnome.mutter check-alive-timeout. Kwa mashine ambayo tayari umeijua kasoro yake na huna fedha za kuitengeneza mwezi huu, sekunde 30 ni jambo la busara, na tuliziweka kwenye zile nne zote, maana wateja wa saiba hubonyeza Force Quit kwa woga. Lakini kuweka 0 ni kumfunga mdomo mbwa anayebweka mwizi akiwa langoni. Ile mashine ya tatu ingekuwa kimya kabisa mpaka siku ya kufa kwake.

Na je, ikiwa umesubiri dakika tano nzima, kitaa cha diski kimetulia, na dirisha bado ni jiwe? Hapo yawezekana imekufa kweli, na una haki ya kuifunga. Hata hivyo anza kwa adabu. Bonyeza Ctrl, Alt na F3 kwa pamoja, utapata skrini ya maandishi. Ingia kwa jina na nywila yako, andika top uone ni nani anayekula kila kitu na nambari yake ni ipi, ubonyeze q kutoka. Andika kill na nambari hiyo. Amri hiyo huiomba programu ijifunge yenyewe, na baadhi hupata nafasi ya kuhifadhi vitu. Isiposikia, kill -9 na nambari huiua papo hapo. Kisha Ctrl, Alt na F2, au F1 kwenye mashine nyingine, hukurudisha kwenye madirisha yako.

Wanafunzi wanaoandika tasnifu kwa LibreOffice wana bahati kidogo, kwa kuwa huhifadhi nakala ya dharura kila baada ya dakika 10 isipokuwa mtu amebadilisha mpangilio huo, na ukiifungua baada ya ajali itakuuliza kama unataka kuirejesha. Sema ndiyo! Nimewaona watu wazima wakibonyeza hapana kwa haraka. Fomu za intaneti hazina huruma hiyo, kwa hiyo andika maelezo marefu pembeni kwanza, halafu uyabandike.

Msichana alimaliza saa tatu na dakika chache usiku. Skrini ikamwandikia kwamba maombi yamepokewa, naye akaomba yachapishwe mara mbili, nakala moja yake na moja ya mamake. Kijana hakuwatoza kwa zile saa mbili za kwanza. Mama alizikunja karatasi mara nne kama zile nyingine, akazitia kifuani, wakatoka.

Juzi kijana alinipigia simu. Diski ya mashine ya tatu ilikuwa imekufa. Aliwasha asubuhi, haikuamka. Video zote za mazishi alikuwa ameshazihamisha wiki iliyotangulia, kwa usiku tatu mfululizo, na mbili kati yake zilikataa kusomeka. Tayari alikuwa amewapigia simu wenye misiba hiyo kuwauliza kama wana nakala zao, na mmoja alikuwa nayo. Alitaka kujua kama SSD ya mitumba itamfaa. Nikamwambia anunue mpya.